Shangazi yako na lile benchi la mlangoni

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani. Mguu wa mama yako unaendelea vizuri, vuli imeshika, na maharage ya kule chini ya bwawa la ndiva yameanza kutoa maua. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza Jumamosi usiku, nikausikiliza tena Jumapili nilipotoka kanisani. Nimeona heri nikuandikie. Habari za shangazi yako si za kusimuliana kwenye simu huku mtandao unakatika kila baada ya maneno mawili.

Umeuliza kwa nini shangazi alikuwa anakaa benchi la mwisho kabisa kanisani, lile la mlangoni linalopigwa na baridi, ilhali walimu wenzake wote walikaa mbele. Ulipokuwa mdogo, ukija likizo, mama yako alikwambia ni kwa ajili ya kifua, kwamba anahitaji hewa. Lakini juzi tulipokwenda kuweka msalaba kaburini ulimsikia mama mmoja akinong'ona kwamba mwalimu aliwekwa kule nyuma. Sasa unataka kujua aliwekwa na nani.

Mama yako hakukudanganya. Kifua alikuwa nacho, na wewe mwenyewe umemchemshia tangawizi mara nyingi. Ila kifua kilimwanza miaka ya tisini, na benchi lile alilikalia tangu 1983. Kwa hiyo ndiyo, wapo waliomweka, na nitakusimulia. Lakini mwanangu, hao hawaninyimi usingizi. Ninawajua, na wengi wao nimeshawasindikiza makaburini. Kinachoninyima usingizi mpaka leo ni kwa nini yeye alibaki.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Dada alianza kufundisha mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na mimi nilikuwa darasa la kwanza mbele yake. Asubuhi tulitoka nyumba moja, tukashuka njia ile ya mawe, yeye mbele na kikapu cha madaftari, mimi nyuma na ukuni wangu wa shule. Tukifika kwenye mti wa mringaringa ulio kona ya uwanja, udada uliishia hapo. Kuanzia pale alikuwa Mwalimu, na siku niliyosahau nikamwita Dada mbele ya wenzangu alinifanya nisimame mpaka nikaamkia upya kama watoto wengine.

Nilikuwa mzito wa kusoma. Herufi b na d zilinisumbua vibaya sana. Alikuwepo na kijana mwingine wa kijiji cha ng'ambo ya bonde ambaye alikuwa mzito kunizidi. Dada alikataa kuligeuzia lile darasa ukurasa mpaka sisi wawili tuusome. Waliokwisha kusoma aliwapeleka chini ya mringaringa wakawe wanatusomesha, mmoja mmoja, kwa zamu. Mwalimu mkuu akamwita ofisini kumwonya kwamba anachelewa. Sijui walisemezana nini huko, ila alitoka na chaki yake mkononi akarudi kwenye ukurasa ule ule. Mimi nikausoma. Siku kadhaa baadaye yule kijana naye akausoma, polepole, kidole chini ya kila neno, na alipomaliza Mwalimu alisimamisha darasa zima tukampigia makofi. Aliyesoma wa kwanza hakupigiwa makofi.

Ndiyo maana nasema, na wewe umenisikia nikisema tangu hujaanza shule: mwalimu hupimwa kwa mwanafunzi wake wa mwisho. Watoto wepesi watasoma hata kwa mwalimu mlevi. Ukitaka kumjua mwalimu, mtafute yule aliyemaliza nyuma ya wote, muulize alisubiriwa au aliachwa.

Halafu ikaja habari ya kisomo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha ikapitishwa kwamba mpaka mwisho wa 1971 wilaya sita ziwe zimeufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika: Mafia, Ukerewe, Masasi, Rungwe, Kilimanjaro, na sisi Upare. Walimu wa hapa hawakulala mwaka ule. Asubuhi watoto, mchana shamba la shule, na jioni wazee. Mimi nilikuwa mbeba karabai. Niliipiga pampu, nikaitundika kwenye boriti, kisha nikakaa pembeni nikitazama watu wazima wakitokwa na jasho kwa ajili ya herufi.

Alikuwepo mzee mmoja ambaye alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, mtu wa heshima zake, ambaye maandiko yote aliyajua kwa kusikia. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa jembe, kalamu ilikuwa inamponyoka. Herufi ya kwanza ya jina lake ilikuwa na mkunjo, na mkunjo ule ulimshinda wiki hata wiki. Basi jioni moja Dada akapiga goti kando ya dawati lake, akasema, "Shikamoo baba. Naomba niushike mkono wako." Ilibidi aombe, maana mzee yule alikuwa rika la babu yako. Mzee akaitikia, akaulegeza mkono. Wakauzungusha ule mkunjo pamoja, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, karabai ikiunguruma juu yao. Mara ya nne Dada akaachia, mkono wa mzee ukaenda wenyewe.

Mwanangu, furaha ya mzee yule sijaiona tena. Aliandika jina lake kwenye mpini wa jembe. Akaliandika kwa makaa kwenye mlango wa zizi. Mkewe alilalamika kwamba akiamka usiku anamkuta anaandika hewani. Mkumbuke mzee huyu, nitamrudia.

Sasa twende 1983. Nyinyi mmeuona mlima huu ukiwa na duka kila kona. Mwaka ule, baada ya vita vya Kagera, sabuni ilikuwa kama dhahabu na sukari tuliisikia kwenye matangazo. Ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, watu wakitupa mali porini usiku kwa hofu. Watu walikuwa wakali, na nadhani walihitaji mtu wa kumwangushia ukali wao. Labda namtetea mtu asiyestahili kutetewa. Lakini nilikuwepo, na nakumbuka jinsi majirani walivyokuwa wakitazamana.

Binti mmoja wa darasa la saba akapata mimba, mtihani ukiwa umebakiza miezi michache. Utaratibu wa wakati ule haukuwa na mjadala: msichana akipata mimba, jina linafutwa kwenye rejista. Baba yake naye akamtoa nyumbani. Kwa siku kadhaa akawa analala jikoni kwa jirani, mpaka shangazi yako alipokwenda kumchukua. Alimpa chumba cha kuhifadhia mahindi, akakisafisha, akaweka kitanda. Kisha akachukua unga mweusi wa betri chakavu, akauponda pamoja na majani kama tulivyokuwa tunasiliba ubao wa shule, akasiliba upande wa ndani wa mlango. Kila jioni somo alilofundisha mchana darasani alilirudia kwenye mlango ule kwa mwanafunzi mmoja. Siku za mtihani wa taifa zilipofika, alimtungia mitihani yake, akamwambia dada mmoja wa jirani amsimamie mezani kwa saa zile zile walizokaa wenzake, na jioni akaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Hakumpa alama hata moja ya huruma. Nililiona lile daftari.

Yote haya hayakuwa siri, na ndiyo yaliyomponza. Wapo waliosema mwanamke ambaye hajaolewa anajua nini juu ya kulea. Wapo waliosema analea dhambi. Baraza la wazee likakaa.

Jumapili yenyewe mimi nilikuwa nimepanda kutoka Moshi nilikokuwa nafanya kazi. Ibada ilikwenda vizuri mpaka kwenye matangazo. Mwinjilisti akatangaza ndoa, akatangaza mchango wa mabati, kisha akakunjua karatasi nyingine. Akasoma jina la yule binti, kwamba ametengwa na Meza ya Bwana. Hilo tulilitegemea. Halafu akasoma jina la shangazi yako. Kwa kumhifadhi mwenye dhambi kabla hajatubu, na kwa kuwapa mabinti wengine mfano mbaya, ameondolewa kwenye kwaya na kwenye shule ya Jumapili, na ametengwa mpaka atakapoomba kurudi kundini.

Aliyempa binti yule mimba alikuwa amekaa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa wanaume, amevaa koti. Jina lake halikusomwa. Kanisa zima lilimjua. Nikikutajia ukoo wake utaujua, maana umecheza na wajukuu wao. Sikutajii. Ameshakufa, na watoto wake ni watu wema. Lakini kila nikipita pale kwenye benchi la tatu, mwanangu, mpaka leo hii, tumbo langu linakaza.

Shangazi yako alikuwa na wanakwaya, sauti ya pili. Alisimama. Akavua joho, akalikunja, akaliweka kwenye kiti chake, akalipapasa mpaka likalala sawasawa. Akachukua kitabu chake cha nyimbo. Akatembea katikati ya kanisa kutoka madhabahuni kwenda nyuma, na viatu vyake vya soli ngumu vilisikika kwenye saruji hatua kwa hatua. Nilidhani anatoka nje, nikainuka nimfuate. Hakutoka. Alifika benchi la mwisho alipokuwa amekaa yule binti peke yake, akamwambia, "Sogea," akakaa. Wimbo ulipoanza akaimba sauti yake ile ile ya pili kutoka kule mlangoni, na kwaya kule mbele ikawa inayumba kwa kumkosa.

Na baada ya ibada hakukimbilia nyumbani. Unajua alivyopenda mnada wa sadaka. Alisimama chini ya kengele, mahali pake pa siku zote. Bakuli la mayai lilipoinuliwa, akataja bei. Mnadi akasita. Akawaangalia wazee, akayaangalia mayai. Dada akarudia bei yake kwa sauti ya darasani. Watu wote kimya. Ndipo mama mmoja, mjane, akaongeza shilingi moja juu ya bei ya Dada, kama ilivyo ada ya mnada. Dada akaongeza tena. Yule mjane naye akaongeza. Mnadi akapata pumzi, mnada ukaendelea. Yule mjane sitamsahau. Kwa shilingi yake moja alimrudisha dada yangu miongoni mwa watu, na hakuhitaji baraza lolote.

Sasa utaniuliza babu yako alikuwa wapi, maana wewe ulimpenda sana babu. Babu alikuwa mmoja wa wazee wa baraza. Alikuwemo kwenye kikao. Hakusema ndiyo na hakusema hapana, na kwenye barua ya baraza iliyomtenga Dada jina lake halipo. Jioni yake alimpelekea Dada sufuria la makande, akakaa naye mpaka giza likaingia, na hakuna aliyesikia walichozungumza. Jumapili iliyofuata akakaa mbele na wazee wenzake kama kawaida, na alikaa pale mpaka alipofariki mwaka 2002.

Mimi sitamhukumu baba yangu kwenye barua. Alikuwa na kesi ya shamba na watu wale wale. Alijua kwamba akitoka barazani hakutabaki mtu hata mmoja wa kumsemea binti yake. Hizo zote ni sababu, na ni sababu nzuri. Lakini mdomo alikuwa nao, mwanangu. Huyu ni mtu aliyeweza kusema saa nzima juu ya mpaka wa migomba miwili. Basi, niishie hapo. Nimesema sitamhukumu.

Tulipofungua vitu vya shangazi mwaka 2023, baada ya mazishi, ndani ya kitabu chake cha nyimbo nilikuta ile barua ya baraza. Imekunjwa mara nne, karatasi imekuwa ya njano. Imeandikwa kwa mkono, na chini wazee wameweka sahihi zao. Mwandishi alikuwa ameruka herufi moja katika neno moja, na Dada alikuwa ameipachika juu yake kwa kalamu nyekundu. Hilo sikulishangaa. Ila kati ya zile sahihi ilikuwepo ya yule mzee wa karabai, na ule mkunjo wa herufi ya kwanza ulikuwa umekaa vizuri kabisa, wa mviringo, haukutetemeka hata kidogo. Pembeni yake, kwa kalamu ile ile nyekundu, Dada alikuwa ameweka alama ya vema.

Nimeitazama vema ile mara nyingi. Siku nyingine naona ni msamaha. Nyingine naona ni kumwambia mzee yule: mkono huu nimekupa mimi, na angalia umeutumia kwa kazi gani. Mama yako anasema ninawaza kupita kiasi, mwalimu akiona mwandiko mzuri anaweka vema, basi. Huenda ana haki.

Miaka ikapita. Akaja mchungaji mwingine, kijana, mtu wa busara. Alisoma makabrasha, akapanda mpaka nyumbani kwa Dada, akamwambia kwamba suala lake limekwisha, hakuna haja ya kusimama mbele ya watu na kuomba chochote, arudi kwenye kwaya na kwenye Meza ya Bwana. Dada akamshukuru sana, akamkaribisha chai. Jumapili ile akaenda kushiriki. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari, akapokea, akarudi zake benchi la mlangoni. Kwaya hakurudi. Mbele hakurudi. Walimwomba, walimtumia ujumbe, umoja wa wanawake wakamwandalia kiti. Alishukuru kila mara, na kila Jumapili ukimtafuta ulimkuta pale pale ulipomkuta wewe.

Hapo ndipo swali langu linapoanza. Wewe umeuliza nani alimweka. Wale walimweka kwa miaka michache tu. Miaka iliyobaki, karibu maisha yote uliyomjua, alijiweka mwenyewe.

Unamkumbuka bibi yako akisimulia habari za mbiru? Jinsi wanaume wa Upare walivyoteremka Same mwaka 1945 kupinga ile kodi ya wakoloni iliyoitwa mbiru, wakaweka makazi pale bomani kwa miezi, na wanawake wakawa wanawapelekea chakula, baadaye nao wakaandamana. Silaha yao ilikuwa kukaa. Waliambiwa warudi makwao, wakakaa. Hatimaye kodi ikaondolewa. Shangazi yako alizaliwa miaka miwili baada ya hapo, akanyonya na masimulizi yale. Mimi nikimtazama Dada kwenye lile benchi nilikuwa namwona bibi yako na wenzake. Nilikuwa naona mtu anayewaambia wazee wale, kila wakigeuka kutoa salamu ya amani: mimi hapa, mliniweka hapa, nitazameni.

Hayo ndiyo niliyoyaamini kwa muda mrefu, na nilifurahi kuyaamini, kwa sababu mimi nilikuwa na hasira na nilitaka naye awe na hasira. Lakini kuna kitu kinanivuruga. Benchi la nyuma lina watu wake. Kuna wanaochelewa kwa sababu wamekama ng'ombe kwanza. Kuna wenye watoto wanaolia. Kuna vijana wasio na viatu, wanaoona haya kupita katikati ya kanisa. Miaka ile kulikuwa na watoto wengi waliopita shule bila kujua kusoma, madarasa yalivyofurika baada ya Serikali kuamua kila mtoto aandikishwe. Dada alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo katikati yake na mtoto aliyekaa karibu, na wakati kanisa linaimba yeye alikuwa anapitisha kidole chini ya maneno, neno kwa neno, ukucha una chaki. Ubeti wa kwanza mtoto anatazama. Ubeti wa pili anafuata kwa midomo. Wimbo ule ule ukirudi baada ya wiki kadhaa, kidole kinakuwa cha mtoto. Nimewaona wakihitimu kwenye lile benchi bila cheti. Na kule mbele, wanakokaa wenye vitabu vyao, kazi hiyo asingeipata.

Kwa hiyo ni lipi? Alikuwa anapinga, au alikuwa anafundisha? Kama alikuwa anafundisha, mbona barua aliitunza miaka arobaini ndani ya kitabu kile kile? Kama alikuwa anapinga, mbona alipomuuguza yule mzee wa karabai, miezi yake ya mwisho, alikuwa akimsomea zaburi kila jioni, na mzee hakumwita mtu mwingine? Nimejaribu kuipima kila upande. Nina maoni yangu, unanijua. Lakini nimeahidi mbele ya mama yako, ambaye anasoma juu ya bega langu, kwamba sitakuamulia.

Niliwahi kumuuliza mwenyewe. Tulikuwa tunapukuchua mahindi barazani, wawili tu. Nikamwambia, "Dada, sasa umestaafu, watu wote wale wamekwisha kufa, kwa nini usisogee mbele?" Akaniangalia muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akaenda kunipakulia makande, na hatukuyarudia mazungumzo yale tena.

Kitu kingine nilichonacho ni hiki. Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, pamoja na waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi shuleni, redio ilikuwa imewashwa na mimi nilikuwepo. Kifua kilikuwa kimembana, alikuwa kwenye kiti na shuka mabegani. Alinionyesha kwa mkono niongeze sauti. Nikamtazama usoni, nikidhani atalia, au atanitajia jina la yule binti, au atasema hatimaye. Alisikiliza mpaka taarifa ikaisha. Kisha akauliza, "Wanarudi darasa lile lile walilotoka, au wanaanza upya?" Nikamwambia sijui. Akakasirika kidogo. Akasema hicho ndicho cha kuuliza, kwa sababu mtoto akiachwa mbali na wenzake atatoroka wiki ya pili, na nani atakayekaa naye jioni.

Narudia, mwanangu, mwalimu hupimwa kwa mwanafunzi wake wa mwisho. Na mwanafunzi wa mwisho wa shangazi yako bado yupo hai.

Sijui unaniuliza haya kwa ajili ya shangazi tu, au kwa ajili ya mambo yako ya kazini hapo Dodoma ambayo umekuwa ukiyagusa na kuyaacha. Sikuulizi. Kama ni hayo, mimi si mtu wa kukushauri, kwa sababu ingekuwa mimi mwaka 1983 ningetoka ule mlango nikaenda kusali kwingine, na hata sasa naona ningekuwa na haki. Yeye hakufanya hivyo, na yeye alikuwa na akili kunizidi. Kwa hiyo muulize mtu aliyekaa naye benchi moja siku ile.

Yule binti ni fundi cherehani Same mjini, sasa ni bibi wa wajukuu. Ndiye yule mama wa kitenge cha bluu aliyekaa kimya kaburini tulipoweka msalaba, ukaniuliza ni ndugu yetu wa upande gani. Nilimwambia kwamba utampigia, akafurahi, akasema ana mambo ya Mwalimu ambayo hata mimi siyajui. Namba yake anayo mama yako. Umpigie baada ya saa moja jioni, mchana cherehani hazimruhusu kusikia simu.

Baba yako